Safu ya ushauri: Dabo-besi ibaki Unguja, ganuni inunuliwe kiti

Assalaam aleikum washauri,

Mimi ni katibu wa kikundi cha taarab asilia hapa Unguja. Tumealikwa kupiga Ujerumani mwezi wa Novemba, maonyesho matano ndani ya siku kumi na mbili. Tunakwenda watu tisa: waimbaji wawili, fidla mbili, udi, ganuni (ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani), kodiani, dabo-besi (fidla kubwa kuliko zote, hupigwa ikiwa imesimama), na mmoja wa dumbak (ngoma ya mkono) na rika (tari ndogo). Tunataka pia kuchukua vidumbak (ngoma ndogo) viwili vya ngozi ya mbuzi kwa ajili ya kufungia shughuli.

Njia aliyotupangia wakala ni Zanzibar, kubadilisha ndege Ghuba kwa saa 1 na dakika 20, kisha Frankfurt, halafu ndege ndogo ya ndani hadi mji wa onyesho la kwanza. Tiketi ni euro 870 kwa mtu na kila mmoja ana haki ya mabegi mawili ya kilo 23. Nafasi zimeshikiliwa kwa siku sita, bado hatujalipa. Wenyeji wametenga euro 1,200 kwa gharama za kusafirisha ala.

Vipimo ni hivi. Dabo-besi ndani ya kasha lake gumu: sentimita 208 kwa 75 kwa 60, kilo 38. Ganuni na kasha: 104 kwa 46 kwa 12, kilo 9. Udi upo kwenye mfuko laini, 86 kwa 40 kwa 24. Kodiani ni ya besi 120, kilo 14 pamoja na kasha.

Wakala anasema tusihangaike, "mtamalizana hapohapo kaunta." Sina imani na neno hilo. Katika safari ya mwaka juzi udi wetu ulirudi na ufa wa shubiri nzima usoni, na kampuni ya ndege ilikataa kulipa kwa sababu tulisaini kikaratasi kaunta. Zaidi ya hayo, upinde mmoja wa fidla ni wa zamani sana na ncha yake ni nyeupe kama pembe, na udi una nakshi ya kahawia yenye mawimbi kuzunguka tundu. Nimesikia forodha za Ulaya ni kali kwa vitu hivyo. Wazee wa kikundi wamesema dabo-besi lazima iende. Tufanyeje?

Katibu, Unguja

*

Waalaikum salaam Ndugu Katibu,

Hizo siku sita zina thamani kuliko euro 1,200. Tiketi ikishalipwa, njia na ndege havibadiliki tena bila faini, na mambo mengi uliyouliza yanaamuliwa na njia hiyo. Kwa hiyo msilipe bado.

Tuanze na dabo-besi, kwa kuwa ndiyo yenye mvutano. Tunajua tunakwenda kinyume na wazee, lakini kwa vipimo ulivyotoa haifai kusafiri. Kilo 32 ndiyo kikomo cha mzigo mmoja katika mashirika mengi ya ndege, kwa ajili ya usalama wa wapakiaji; ukivuka hapo, mzigo haupokelewi kama begi hata ukiwa na fedha mkononi. Yenu ina 38. Tena begi la kawaida hupimwa kwa kujumlisha urefu, upana na kina, lisizidi sentimita 158. Yenu inafika 343. Kuna watu watakuambia kwamba sheria inawalazimisha kuipokea. Sheria hiyo ipo Marekani tangu 2015: shirika la huko linatakiwa kupokea ala ya hadi kilo 75 na jumla ya sentimita 381, ndege ikiwa na nafasi. Haiyabani mashirika ya nchi nyingine, na safari yenu haigusi Marekani.

Kuinunulia kiti hakuwezekani. Dabo-besi ya robo tatu, ndiyo inayotumiwa na wapigaji wengi, ina urefu wa karibu mita 1.8; sello, ndugu yake mdogo, hukaa kwenye kiti, dabo-besi haikai.

Imebaki njia ya kago, yaani kuipeleka kama mzigo wa biashara badala ya begi la abiria, na hapo ndipo watu wengi hushtuka. Mzigo wa ndege wenye ukubwa usiolingana na uzito wake hutozwa kwa ujazo: zidisha urefu, upana na kina kwa sentimita, ugawe kwa 6,000. Chukua 208 mara 75 mara 60, unapata 936,000. Gawa kwa 6,000, ni 156. Kasha lina kilo 38 kwenye mizani, lakini mtalipia kilo 156, kwenda na kurudi, pamoja na ada ya wakala wa forodha pande zote mbili. Na ikisafiri kama kago inapoteza ule wepesi wa forodha ambao ala ya msafiri inaupata, tutaufikia.

Badala yake, iandikeni kwenye mkataba kuwa wenyeji wataleta dabo-besi. Ujerumani hili ni jambo la kila wiki. Mafundi wa fidla na shule za muziki hukodisha. Lakini msiandike "dabo-besi" tu. Andikeni: robo tatu, nyuzi nne za E-A-D-G, daraja (kile kibao kinachobeba nyuzi) lenye skrubu za kupandisha na kushusha nyuzi, na ifike siku moja kabla ya onyesho la kwanza ili mpigaji awe nayo nusu siku. Daraja la skrubu si anasa. Besi ya kukodi mara nyingi huja na nyuzi zilizo juu kwa ajili ya kupigwa na upinde, na mpigaji wa taarab anayedona kwa vidole vipindi vizima atapata malengelenge usiku wa kwanza. Mpigaji achukue upinde wake na maiki yake ya kubandika. Wazee wakisema sauti itapotea, wana hoja: nyuzi za chuma mpya hulia muda mrefu, na besi ya taarab inataka mdundo mfupi, mzito. Dawa yake ni kubeba seti yenu ya nyuzi na kuzifunga kule. Zibadilishwe mmoja baada ya mwingine, kamwe zisitolewe zote kwa pamoja, maana kile kijiti kinachosimama ndani chini ya daraja hakina gundi. Kinashikiliwa na mgandamizo wa nyuzi tu, na kikianguka mtamhitaji fundi.

Sasa ganuni, na hapa ndipo fedha iende. Ganuni haina mbadala wa haraka Ulaya. Kwa kuwa Waturuki ni wengi Ujerumani, wenyeji wanaweza kuwaambia kwamba zimejaa. Zipo, ila ganuni ya Kituruki ni ndogo kuliko ya Kiarabu, sauti yake iko juu kidogo, na vile vidude vya chuma vya kupandisha na kushusha kila safu ya nyuzi ni vingi zaidi na vimepangwa kwa ngazi za sauti za muziki wao. Mpigaji wenu atatafuta pa kuweka vidole jukwaani. Chukueni yenu.

Isiende chini kwenye shehena kama mnaweza kuepuka. Daraja lake limekaa juu ya ngozi, na nyuzi zaidi ya 70 zinalikandamiza. Kishindo kimoja cha kutupwa kinatosha kutoboa kiwambo. Mnunulieni kiti cha ziada. Bei yake hukaribia ile ya abiria, pengine bila baadhi ya kodi za uwanja, kwa hiyo wekeni euro 870 pembeni. Kiti hicho hakinunuliwi mtandaoni kwa kujaza jina la kubuni: mfumo huweza kukifuta, au kaunta wakasema abiria wa pili hajafika na kiti kikaondoka. Piga simu shirika lenyewe, omba kiti cha mzigo wa ndani ya ndege. Alama wanayoitumia ni CBBG. Iwe kwenye nafasi moja na tiketi ya mpigaji, kiti cha dirishani karibu naye, kisiwe safu ya mlango wa dharura, na muombe mkanda wa kurefusha. Ulizeni pia kama kiti hicho kinakuja na haki ya mabegi; mara nyingi hakiji.

Shirika likikataa kabisa, ganuni itaenda shehena, na hapo tazama hesabu hii: 104 na 46 na 12 ni 162. Mmevuka 158 kwa sentimita nne tu. Sentimita hizo nne zinaweza kuwatoza ada ya mzigo mkubwa kila safari. Mwambieni fundi atengeneze kasha lenye ukuta mwembamba zaidi, asipunguze sponji ya chini ya ngozi.

Njia mliyopangiwa ina kasoro mbili. Ya kwanza ni ile saa moja na dakika ishirini. Mizigo ya ala mara nyingi haipiti kwenye mkanda pamoja na masanduku. Hubebwa kwa mkono na mlango wake ni mwingine. Abiria wanawahi, ala inabaki. Ombeni saa tatu au zaidi, hata kama ni ya usiku na inachosha. Ya pili ni ndege ndogo ya mwisho. Anayeamua ukubwa wa mzigo wenu ni ndege ndogo kuliko zote katika safari, hata kama mmefika Frankfurt kwa ndege kubwa. Rafu zake za juu hazipokei fidla wala udi, na kiti cha ganuni huenda kisikubalike. Futeni kipande hicho. Wenyeji walete basi dogo Frankfurt; watu tisa na ala zao wanaingia, na mnaokoa ada ya ala na wasiwasi kwa pamoja.

Baada ya hapo, mwandikieni shirika barua pepe moja. Itaje namba ya nafasi, namba za ndege zote za kwenda na za kurudi, kila ala na vipimo vyake vya sentimita na kilo ikiwa ndani ya kasha, na jina la abiria anayeibeba. Malizieni kwa swali linalotaka jibu la ndiyo au hapana. Mkiwa mmeuziwa tiketi na shirika moja na ndege ni ya jingine, ulizeni yote mawili. Jibu lao lichapisheni nakala tatu, na saa 72 kabla ya kuondoka piga simu kuhakikisha limeingizwa kwenye mfumo. Neno "mtamalizana kaunta" lina maana kwamba mtu wa zamu ataamua kwa kuangalia kasha na foleni iliyo nyuma yenu.

Fidla zina nafuu, huingia ndani. Udi hauna uhakika: jumla yake ni 150, zaidi ya begi la mkononi. Ombeni kibali katika barua ileile, na mpigaji aingie mapema rafu zikiwa tupu. Lakini uandaeni udi kwa hali mbaya, ukataliwe mlangoni. Mfuko laini hautoshi. Uso wa udi ni mbao ya unene wa milimita mbili hivi, na ufa mlioupata mwaka juzi ndio matokeo ya mfuko kulaliwa na masanduku. Kasha gumu, shingo ikiwa imetegemezwa kwa kitambaa pande zote ili kichwa kisining'inie, nguo laini kati ya nyuzi na uso. Nyuzi zishushwe sauti moja hadi moja na nusu, zisilegezwe zote. Ganuni nayo ishushwe nusu sauti, sawasawa kila safu, kwani ukilegeza upande mmoja zaidi ya mwingine fremu inajikunja.

Kodiani iende shehena kama begi la pili la mtu. Nafasi mnazo 18 na nguo hazizidi tisa. Mvukuto wake ufungwe kwa mikanda, kasha liwekwe ndani ya sanduku kubwa lenye sponji chini na kando. Vile vibamba vya chuma vinavyotoa sauti vimeshikiliwa kwa nta, na nta ikipoa sana inakuwa kavu, kishindo kikaibandua; ndiyo sababu kodiani hufika ikiwa nzima kwa nje na bubu kwa ndani. Ikifika, iachwe chumbani saa kadhaa kabla ya kuvutwa.

Hilo la kusubiri linahusu ala zote za mbao. Unguja hewa ina unyevu mwingi mwaka mzima. Novemba Ujerumani vyumba hupashwa joto na hewa ya ndani hukauka vibaya. Mbao husinyaa, gundi huachia, ngozi ya ganuni hukaza na sauti ikapanda. Msifungue makasha mara mnapofika hotelini. Yaacheni hadi yazoee joto la chumba. Ndani ya kila kasha tieni kopo la sabuni lililotobolewa matundu, lenye sponji iliyolowekwa na kukamuliwa sana, na mlitie maji kila jioni. Kasha lisikae karibu na kipasha joto cha ukutani.

Kuhusu kikaratasi mlichosaini. Kaunta huwa wanabandika lebo inayosema kitu ni dhaifu na shirika halibebi lawama. Tanzania imo katika Mkataba wa Montreal wa 1999, na mkataba huo unasema sharti lolote la kuliondolea shirika dhamana yake ni batili. Ila unasema pia kwamba shirika halilipi uharibifu uliotokana na kasoro ya mzigo wenyewe, na mfuko laini unawapa hoja hiyo. Kasha gumu linawanyang'anya. Ndiyo maana tumelisisitiza. Pigeni picha kila ala ndani ya kasha wazi mbele ya kaunta, tarehe ikionekana.

Kikomo cha malipo tangu 28 Desemba 2024 ni SDR 1,519, fedha ya hesabu ya IMF, karibu dola 2,000. Ni kwa abiria, si kwa begi. Kwa hiyo kila ala isajiliwe kwa jina la mtu tofauti. Mkizitia zote kwenye tiketi ya kiongozi, mnagawana kikomo kimoja. Ala yenye thamani zaidi inaweza kutamkiwa thamani maalumu kabla ya kuondoka, kwa ada. Wengi wa kaunta hawalijui hili, liulizeni kwenye barua. Ikitokea ala imeumia, fungueni kasha hapohapo uwanjani na mdai fomu ya taarifa ya uharibifu kabla ya kutoka. Malalamiko ya maandishi yafike ndani ya siku 7. Mzigo uliochelewa, siku 21 tangu mlipoupokea. Mahakamani ni miaka 2, na hivyo angalieni tarehe ya ule udi, huenda mlango haujafungwa.

Tukija kwenye pembe. Wasiwasi wako uko mahali pake. Ncha nyeupe ya upinde wa zamani inaweza kuwa ya ndovu au ya mfupa. Mwambieni fundi aitazame kwa kioo cha kukuza: mfupa una vitundu vidogo vyeusi kama alama za sindano, pembe ya ndovu ni laini, na inapokatwa huonyesha mistari myembamba inayokatana kama wavu. Nakshi ya kahawia yenye mawimbi kwenye udi huenda ni gamba la ng'amba. Ndovu wa Tanzania na ng'amba wote wako katika orodha ya kwanza ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ile kali kabisa, na kuvusha kipande chao bila hati ni kosa hata kikiwa na ukubwa wa ukucha. Mwaka 2012 forodha ya Frankfurt ilizuia fidla ya mpiga fidla wa Kijapani Yuzuko Horigome, kwa sababu ya hati za umiliki na ushuru, na ikachukua majuma kadhaa kuachiwa. Tena kisa chake hakikuhusu pembe.

Ipo hati ya CITES ya ala za muziki, inadumu miaka 3 na kuvuka mipaka mara nyingi, lakini inataka ushahidi kwamba kipande ni cha kabla ya mkataba. Kwa safari hii acheni upinde ule nyumbani, mpigaji achukue wa nyuzinyuzi za kaboni au wenye ncha ya plastiki. Udi wenye nakshi ya ng'amba nao ubaki; azimeni mwingine. Kama nakshi ni ya chaza hakuna tatizo. Vigingi vya mpingo pia visikutishe: mti huo uliingia orodha ya pili Januari 2017, lakini tangu 26 Novemba 2019 ala zilizokamilika zimesamehewa.

Vidumbak viwili viacheni. Ngozi ya mbuzi iliyokaushwa tu juani inahesabiwa ngozi ghafi, na Umoja wa Ulaya unataka cheti cha mifugo. Hofu ni kimeta: mwaka 2006 mtengenezaji ngoma wa New York aliugua kwa ngozi mbichi kutoka Afrika Magharibi, na mwaka 2008 wa London akafariki. Dumbak la alumini lenye uso wa plastiki halina swali. Lijazeni nguo ndani ili lisibonyee. Angalieni uso wa rika kabla ya kulifunga: ukiwa wa ngozi, swali ni lilelile.

Kwenye forodha ya Ulaya, ala ya kubebeka anayoingia nayo msafiri kwa ajili ya kazi yake, na atakayoondoka nayo, haitozwi ushuru wala haihitaji fomu ndefu. Muwe na barua ya mwaliko na orodha ya ala, yenye picha, namba za kiwandani na thamani. Orodha hiyohiyo iende kwa ofisa wa forodha wa Zanzibar kabla hamjaondoka, muipeleke pamoja na ala zenyewe ili azione na kugonga muhuri. Msipoifanya, kodiani yenu itaonekana siku ya kurudi kama imenunuliwa Hamburg, na risiti ya kuthibitisha vinginevyo hamtakuwa nayo. Pangeni saa moja ya ziada kwa muhuri huo.